Matanga kwenye Duka la Simu

Juzi, kwenye duka la simu mtaani Khuwair, bibi mmoja alimpa fundi simu yake. "Nisomee habari hii, mwanangu. Huyu mwimbaji wa Brazil kafa kweli?"

"Kafa, bibi. Jamaa yako?"

"Si jamaa. Kaimba tangu kigoli mpaka mvi, na neno lake hata moja silijui. Lakini tangu mume wangu kufariki, ndiye sauti ya nyumbani kwangu. Sina wa kumwambia kama kafa."

Fundi akamvutia kiti, akammiminia kahawa. "Pole, bibi. Mungu akupe subira." Nasi wateja tuliokuwa tukingoja na simu mbovu tukampa pole mmoja mmoja. Simu yake yeye ilikuwa nzima.

Mlangoni akageuka. "Ntarudi kesho na keshokutwa. Matanga siku tatu."

"Karibu, bibi. Kahawa itakuwepo."