Mablanketi ya Barafu

Devota alitolewa shuleni kidato cha pili ili aolewe, na katika yote aliyoyaacha huko, somo la joto ndilo lililomganda kichwani. Mwalimu Kajetani alikuwa akiwaambia kwamba blanketi halina moto wake. Linazuia tu joto lisipite, liwe linatoka au linaingia. Kwa akili hiyo Devota aliendesha biashara yake ya barafu pale Msamala.

Mumewe, Tadei, hakuipenda biashara hiyo hata chembe. Akampa sharti: katika harusi ya dada yake Tadei, mwezi wa Novemba kabla ya Majilio, vinywaji vyote vipozwe kwa barafu ya Devota. Vikiwa baridi, aendelee. La sivyo friji liuzwe, naye arudi shambani. Friji lenyewe, jamani, alilinunua Devota kwa mahindi ya jasho lake!

Asubuhi ya harusi alipanga mabonge ya barafu ndani ya beseni kubwa, akayafunika kwa mablanketi mawili mazito. Walburga, shangazi yake Tadei, akamkuta hapo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Heee! Mkamwana, barafu nayo ina homa?"

Ua zima likaangua kicheko. Devota akajaribu kueleza, lakini nani amsikilize? Tadei akainamisha uso kwa aibu.

Devota alipokwenda kanisani na bibi harusi, Tadei aliyavuta yale mablanketi, akaliburuta beseni hadi barazani ili barafu ipigwe na upepo. Upepo humpoza mtu mwenye jasho. Kwa barafu, upepo wa Novemba ni moto mtupu. Lakini mwanamume akishaona aibu, utamwambia nini?

Waliporudi kutoka Misa, beseni lilikuwa maji matupu, na kibonge kimoja kilichobaki kama kipande cha sabuni. Wageni wakanywa soda za moto.

"Mablanketi yangu nani katoa?" Devota aliuliza.

"Nimetoa mimi, tena nimechelewa," Tadei alijibu mbele ya wote. "Yalikuwa yameshaipasha moto."

Shangazi akaitikia. Devota alitafuta jicho moja la kumtetea, hakuliona.

Jumatatu akaja mnunuzi. Alifungua friji, akaingiza mkono, akauliza kama linagandisha vizuri.

"Sana," Tadei akasema. "Ubovu ulikuwa kwa mtumiaji."

Devota akalishika upande mmoja, akawasaidia kulipakia kwenye guta la magurudumu matatu.