Mkono wa Kushoto

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya kata nje ya mji wa Iringa, na mada ninayojivunia kuifundisha ni ya umoja na wingi. Nilikulia Mbeya, ambako mimi na mdogo wangu tulikuwa na sweta moja. Akilivaa yeye, mimi natetemeka. Basi wanafunzi wa kidato cha kwanza huwa nawaambia kwamba herufi s ndiyo sweta hilo. Katika "the boys sing" wamelivaa wavulana, kitenzi kinapigwa na baridi. Katika "the boy sings" mvulana amelivua, kitenzi kimelivaa. Wanacheka, wanaelewa.

Msichana mmoja anayekaa dirishani, mkimya mno, hakucheka. Aliuliza, "Madam, na children je? Mbona wao hawana sweta, na kitenzi nacho hakina?"

Swali zuri. Sikuwa na jibu la sweta, nikakasirika, nikamwambia asiwachanganye wenzake.

Wiki ileile tukaambiwa wathibiti ubora wanakuja kukagua shule. Kila mwalimu ana ujanja wake wa siku hiyo, na wangu ni huu: nikiuliza swali, darasa zima linanyoosha mikono, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mgeni anaona darasa limechangamka. Mimi najua pa kuchagua. Wazito niliwapanga mwenyewe kwenye mkono wa kushoto kwa kila swali, na huyu wa dirishani nikampanga huko, nikijiambia naye ni mzito. Uongo mtupu. Lile swali lake lilikuwa bado linaniuma.

Mthibiti akaja, mama mmoja mpole, akakaa nyuma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoomba chaki, akaandika ubaoni "The children ... home", tuchague go au goes. Mikono ikapanda. Nikachagua wa kulia. "Goes!" Nikachagua mwingine wa kulia. "Goes!" Maskini, walikuwa wanafuata sweta langu. Wa kushoto nao walikuwa wamenyoosha kama nilivyowafundisha, lakini mkono wa yule msichana ulinyooka mpaka akawa ananyanyuka kitini, macho yake kwangu. Nilimwona. Nikageuka, nikaandika jibu mwenyewe.

Nikasifiwa kwamba darasa langu lina ari.

Kipindi kilipoisha nikamfuata nje. "Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Madam. Ni go. Children wameshakuwa wengi, hata bila sweta."

"Sasa mbona hukunyoosha wa kulia?"

"Si ulinipanga kushoto, Madam."

Hakulaumu. Afadhali angelaumu. Niliona aibu iliyonikosesha hata chai ya saa nne, na mpaka leo nikipita karibu na lile dirisha naharakisha.

Kesho yake nikalitangazia darasa kwamba ujanja ule umekwisha, anayejua anyooshe mkono wowote anaotaka. Kumwomba radhi mbele ya wenzake nilishindwa; nikaona nitamlipa kwa kumchagua. Nikauliza swali jepesi kabisa. Mkono wake wa kushoto ukapanda, nikamwita haraka, kwa furaha.

Akasimama. Akautazama ule mkono, akaushusha taratibu.

"Samahani, Madam," akasema. "Sijui."