Siku Tulipowasha Moto Mahurunga

Wenzangu mliosoma enzi za simu za tochi, sijui ninyi mlikuwaje, lakini sisi pale sekondari ya Mtawanya kutulia hatukukujua. Kengele ya kutoka ikilia, wengine walikimbilia mpira na rede. Sisi wa klabu ya kemia tulikimbilia maabara, chumba kimoja chenye meza zilizoliwa na asidi na harufu ya mafuta ya taa iliyokuwa haitoki nguoni. Mama yangu, muuguzi aliyehamishiwa Mtwara kutoka Njombe, alikuwa akininusa mlangoni kabla hata hajaitikia shikamoo. "Wenzako wananukia sabuni, wewe unanukia jenereta!" Kisha ananisogezea sahani ya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi mwitu vya kusini, nami naila nimesimama, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Mwenyekiti wetu alikuwa Somoe, binti wa wakulima wa korosho wa Mahurunga, aliyekuwa akiishi mjini kwa dada yake. Mimi nilikuwa katibu. Kazi yetu ilikuwa maonyesho. Tuligeuza juisi ya rozela kuwa ya kijani kwa magadi, tukairudisha nyekundu kwa ndimu, na wadogo wa kidato cha kwanza wakapiga kelele kama wamefunga goli. Vyombo vyetu vilikuwa chupa za maji na makopo ya maziwa. Tukimaliza onyesho moja tulikuwa tunawashwa na lijalo.

Tulipofika kidato cha tatu, maneno yakamfikia Mzee Hamisi, baba yake Somoe, kwamba binti yake anafundishwa uchawi wa kuwasha moto bila kiberiti. Akatuma ujumbe: shule basi, arudi nyumbani.

Somoe hakulia. Alikuja maabara, akaweka mikono mezani. "Kama ni uchawi, twende tukaufanyie kwetu, mchana, kila mtu aone."

Mwalimu Ngonyani, mlezi wa klabu, alikuna kichwa mpaka nikamwonea huruma. Mwishowe akaenda kutuombea ruhusa.

Jumamosi tukapanda lori lililokuwa likifuata muhogo, tumekalia magunia matupu, chupa tumezipakata kama vichanga. Mama alikuwa ameniambia asubuhi, "Ukirudi bila nyusi, usiniite mama." Moyo wangu ulishatangulia Mahurunga.

Watu walijaa uwanja wa shule ya msingi. Rozela ilishangiliwa. Kisha Mwalimu akaweka kigae chini, akamwaga juu yake fuwele za pamanganeti, zambarau iliyokolea karibu na weusi. Somoe akamwita baba yake mbele. Akaja, kanzu imenyooka, mikono kifuani. Binti akampa kichupa cha gliserini.

"Si mafuta ya kujipaka haya?"

"Ndiyo hayohayo, baba. Dondoshea hapo, halafu urudi nyuma."

Mzee akawageukia watu. "Ntoto huyu anataka nipake nchanga mafuta!" Wakacheka. Akadondosha, akarudi nyuma.

Hakuna kilichotokea. Mwalimu alituambia mapema kwamba moto huu huchelewa, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Nilivuta pindo la sketi mpaka uzi ukafumuka. Watoto wakaanza kuguna. Bibi mmoja akainuka, akakung'uta kanga yake. Mzee Hamisi akamtazama binti yake, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Imetosha, mama. Kusanya vitu vyako, twende nyumbani."

"Bado, baba. Subiri."

Alisema hivyo bila kumtazama, macho kwenye kigae. Ukapanda moshi mwembamba. Halafu fuu! Mwali wa zambarau ukaruka, watu wakatawanyika wakiacha kandambili zao. Kofia ya Mzee Hamisi ikaanguka, na hakuiokota. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Nimewasha mimi?"

"Umewasha wewe."

"Na sijasoma neno la uchawi?"

"Hujasoma neno, baba."

Akanyoosha mkono apewe kile kichupa. "Tena."

Alirudia mpaka fuwele zikatuishia, na kila mara akiwaeleza majirani kwa Kimakonde kwa nini wasogee nyuma, kama mwalimu wa zamu. Jioni, lori lilipowashwa, begi la Somoe mzee alilipakia mwenyewe. "Panda, mtachelewa," alisema, basi. Njiani ndipo Somoe alipolia, nasi tukaimba kwa nguvu ili asione aibu.

Leo Somoe anaongoza maabara ya hospitali, mkoa wa mbali, na simu zake zote huanza na "Nina haraka." Mimi niko ofisini mjini, nagongagonga kalamu mezani mpaka wenzangu wanalalamika. Juzi mwanangu aliniita anionyeshe jaribio kama lile kwenye simu. Moshi ulipochelewa, akasogeza video mbele kwa kidole, moto ukawaka, akahamia nyingine, mtu anakata tikiti maji.

"Mbona umeruka?" nikamuuliza.

"Mama, najua litawaka."

Kweli, analijua. Vijana wa sasa wanajua mwisho wa kila kitu wakiwa wamejilaza kwenye kochi, na sina la kuwalaumu. Lakini sisi tulisimama pale juani bila kujua, rafiki yetu akisubiri kujua kama Jumatatu atakuwa darasani. Nimejaribu kumweleza mwanangu tulivyojisikia. Alinisikiliza kwa adabu, kidole kikiwa tayari juu ya kioo.