Gastraitisi ya Baba Mkwe

Nakumbuka vizuri siku niliyokaribia kumuua baba mkwe wangu kwa neno moja, Mwanangu, na wala halikuwa tusi. Lilikuwa neno la kitabuni, safi kabisa, na chuoni nilipata maksi nzuri kwa kulijua. Leo umekuja na daftari la chuo cha uuguzi, unanisomea majina ya magonjwa huku umeinua kidevu, nikajiona mimi mwenyewe. Basi weka daftari chini, nikusimulie aibu yangu kabla hujapata ya kwako.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, Azimio la Arusha likiimbwa redioni na kila kijiji kikitaka zahanati yake. Mimi nilikuwa muuguzi mpya, nimeolewa na Asajile miezi mitano tu, na nimepangiwa zahanati ya kijiji cha ukweni, kwenye mteremko kati ya Tukuyu na Kiwira. Chuoni kilichonipagawisha ni jinsi maneno ya utabibu yanavyoundwa. Mwalimu alituonyesha kwamba neno refu la kutisha ni vipande tu vilivyoungwa. Kipande cha mbele kinataja mahali mwilini, cha nyuma kinasema pana nini. Ukisikia "itisi" mwishoni, ujue mahali hapo pamewaka na kuvimba. Ukisikia "ektomi", ujue kitu kimekatwa kikatolewa. Tonsilaitisi, mafindofindo yanauma. Tonsilektomi, mafindofindo hayapo tena.

Tangu hapo sikuweza kuona kitu nisikiundie jina. Wifi yangu akiungua ulimi kwa chai, namwambia ana glosaitisi. Jogoo wa Krismasi akichinjwa, natangaza kwamba amefanyiwa shingoektomi. Mara ya kwanza Asajile alicheka. Mara ya kumi alichukua jembe akaenda shambani, na ilikuwa Jumapili.

Sasa lazima uielewe desturi yetu Wanyakyusa wa wakati ule, maana ninyi wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu mkichekeana. Mke wa mtoto hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani unajificha mpaka apite. Huingii chumba alichomo, humsemeshi, na jina lake hulitamki. Mpaka leo silitamki, kwa hiyo usinichokonoe.

Huyo baba mkwe alikuwa na magoti mabovu. Kila asubuhi alimeza aspirini kabla hajatia kitu tumboni, kisha akazisindikiza na kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, ikiwa ya moto. Tumbo likaanza kumchoma. Zahanati hakutaka kukanyaga kwa sababu mle ndani nimo mimi. Basi nikamtibu kupitia ukutani. Yeye alikuwa kitandani, mimi nje chini ya dirisha lake, na Asajile mlangoni, akitupitishia maneno.

"Muulize baba, panamchoma kabla ya kula au baada?"

"Baba, panakuchoma kabla ya kula au baada?"

"Mwambie mkeo, panachoma nikishameza dawa ya magoti."

"Anasema panachoma akisha..."

"Nimesikia," nikamjibu Asajile. Kila mtu alisikia kila kitu, ila adabu ilitaka tujifanye viziwi.

Hapo ningesema tu kwamba vidonge vimemchubua tumbo, yakaisha. Lakini mawifi walikuwa uani, majirani walikuwa wamekuja kujulia hali, na mimi nilikuwa bibi harusi aliyesoma. Nikapaza sauti: "Mwambie baba ana akyuti gastraitisi. Aache vidonge, asiguse kimpumu, na apewe uji mwepesi." Ua mzima ukanyamaza. Nikadhani ni heshima, nikaondoka nimevimba kichwa. Kesho yake alfajiri nikaenda vijiji vya juu kuchanja watoto.

Niliporudi siku ya tatu nilikuta ua umejaa watu. Mashangazi wamejifunga vitenge viunoni, fahali wa kuchinjwa msibani ameshachaguliwa na kufungwa kwenye mgomba, na baba mdogo, ndugu wa mgonjwa, amekaa mlangoni amevaa koti zito la baba mkwe. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa anatiririka jasho, lakini alikuwa amerithishwa na hakutaka kuliachia. Nikajua kuna mtu anakufa, nikauliza ni nani.

Mama mkwe akanivuta nyuma ya jiko. "Mwanangu, ni mume wangu. Siku mbili hajaonja kitu. Kabla ya lile jina alikuwa anaumwa tumbo tu. Jina ndilo limemlaza."

Kila agizo langu walikuwa wamelielewa kwa namna yao. Nimekataza vidonge, maana yake hata dawa zimekata tamaa. Nimeruhusu uji mwepesi, na uji mwepesi ndio hupewa mtu wa kuondoka. Nimekataza kimpumu, basi hapo hata wasioamini waliamini. Baba mkwe naye, mtu wa ujamaa kwelikweli, alikuwa amegoma hata huo uji. Alisema wapewe wenye nguvu za kulima shamba la kijiji, yeye chakula kitapotea bure. Mzee wa umri ule, siku mbili bila chakula wala maji ya kutosha, alikuwa anakwenda kweli, na aliyemsukuma nilikuwa mimi.

Nikakimbia hadi zahanati kwa mkubwa wangu, Mzee Shabani, dresa wa siku nyingi, yaani mfunga vidonda na mgawa dawa, mtu wa Msasani pale Tukuyu, ambaye wazazi wake walitoka Pwani. "Shikamoo, mzee. Njoo umwone baba mkwe, anajiua kwa njaa." Akanisikiliza mpaka mwisho. Akacheka hadi akavua miwani, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Binti, lile jina ulimpa la nini?"

"Ni jina sahihi, mzee."

"Sahihi sana. Limeundwa ili nikiandika kadi ya mgonjwa mimi, na mtabibu wa Tanga akaisoma, tusipotezeane muda. Ni maneno ya sisi kwa sisi. Yeye alikupa tumbo linalochoma. Wewe ukamrudishia nini?"

Nikamsihi aje yeye, akakataa. "Nikionekana mimi kitandani pake, watajua nimekuja kuaga. Neno umelifunga wewe, kalifungue wewe. Si unavijua vipande vyake?"

Njiani nililia, sikufichi. Kumsemesha baba mkwe lilikuwa kosa la kurudishwa kwetu, na Asajile nilimpenda. Kumtumia Asajile tena nisingethubutu, kwa sababu neno likipita kwa mtu wa pili lilikuwa limeshanionyesha linavyogeuka. Nikafika chini ya dirisha lile, nikajifunika kanga kichwani, nikasema kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia:

"Mugonile, tata."

Nimemwamkia baba mkwe! Shangazi mmoja akaketi chini bila kuangalia anapokalia. Asajile, kwa mazoea, akaanza: "Baba, anasema mugo..." Nikamwambia anyamaze.

"Baba, gastraitisi si mnyama. Gastro ni tumbo, hilohilo lako. Itisi ni kuwaka. Akyuti ni kwamba imeanza juzi tu. Dawa ya magoti unayomeza bila kula imekuchubua tumbo, na kimpumu cha moto kimemalizia. Vidonge nilivikataza kwa sababu ndivyo vinavyochubua. Uji nimesema kwa sababu ni laini. Hufi. Nimekosa mimi, nimekupa jina nikakunyima maana yake."

Sauti kavu ikatoka ndani: "Asajile. Muulize mkeo, hao waliosoma kwa nini hawasemi tu kiungulia?"

Si kitu kilekile hasa, Mwanangu, lakini siku ile sikubishana.

"Mwambie alete uji," akaendelea. "Na huyo hapo mlangoni avue koti langu." Baba mdogo alilivua polepole, mkono mmoja, akapumzika, kisha mwingine. Alininunia mwaka mzima.

Wazee wa ukoo walikaa kunihukumu. Wakaamua nitoe kuku kwa kuvunja heshima. Baba mkwe akatuma neno kwamba kuku huyo ni wake peke yake, na mchuzi wote, kufidia siku mbili alizofunga bure. Nyumbani kwetu sikurudishwa.

Miaka mingi baadaye aliugua ugonjwa wa kweli. Alirudi kutoka hospitali na karatasi yenye neno refu kuliko langu, na wanawe wote wakawa wanaangalia chini. Akaagiza niitwe, na safari hii hakutaka mtu katikati. "Tupokigwe," akasema, na sikuwa nimewahi kulisikia jina langu kinywani mwake, "nifungulie hili." Nikalifungua kipande kwa kipande. Cha mwisho kilikuwa "oma", uvimbe, na ulikuwa uvimbe mbaya, nikasema hivyo hivyo huku nikilia. Akaikunja karatasi yake. "Ndaga fijo," akanishukuru. "Wengine walinionea huruma. Wewe umeniambia."

Kwa hiyo yasome majina hayo, Mwanangu, na uyapende kama nilivyoyapenda. Kwenye kadi liandike lote, herufi kwa herufi, maana mwenzako wa mbali anakutegemea. Lakini ukigeuka kwa mgonjwa, lifungue palepale aone kilichomo, kisha mwombe akueleze yeye alivyoelewa. Akishindwa, ujue hujamhudumia bado, umemtisha tu. Na siku utakapojikuta unalitamka jina ili majirani wasikie, funga mdomo wako haraka.

Mungu akujalie mikono myepesi na akili pana. Akupe subira ya kueleza jambo moja mara tatu bila kukunja uso. Na wale utakaowapa habari njema, na hata wale utakaowapa habari mbaya, wote waondoke kwako wakijua wanaumwa nini. Amina, nenda sasa ukasome.