Upande Aliolalia Mama

Baba alikubali kuhamia kwetu Bariadi macho yake yalipoanza kufifia. Mama alikuwa ameshafariki, shamba la pamba kule Nkoma lilikuwa mikononi mwa kaka yangu, na kila kliniki ya macho ilimlazimu apande basi, alale kwetu, kisha arudi. "Basi niwe nalala moja kwa moja," alisema siku moja akinywa chai. Nikamwongezea chai kabla hajabadili mawazo.

Chumba tulichompa kilikuwa stoo. Mume wangu alikipaka chokaa, tukaingiza kitanda cha futi mbili na nusu, pakabaki nafasi ya kiti kimoja. Nilimweleza baba hayo yote kwa simu. Akaitikia, "Sawa, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo.

Siku aliyokuja, kirikuu kilisimama mbele ya nyumba kimebeba begi lake, kigoda chake, na godoro la sita kwa sita lililofungwa kwa kamba za katani.

Nililijua godoro lile. Wazazi wangu walilinunua mwaka ambao pamba ilitoka vizuri, nami nilikuwa sekondari. Sponji nene, nzito, kitambaa cha maua mekundu. Sisi watoto hatukuwahi kulikalia. Hata tukitumwa kuchukua kitu chumbani mwao, tulikuwa tunakichukua na kutoka.

Mume wangu alisimama kibarazani, mikono nyuma. "Mimi siwezi kulishika," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ni malazi ya wakwe zangu."

Sikumlaumu. Nilimwita jirani yangu, mama mmoja anayeuza dagaa sokoni, mwenye mikono ya nguvu. Dereva akatushushia, sisi tukalikunja na kulipitisha mlango wa mbele. Tukaingia nalo koridoni. Pale koridoni, panapokata kona kwenda stoo, likatuponyoka mikononi, likakunjuka lote na kujaa kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi nilikuwa upande huu, jirani upande ule, na katikati yetu maua mekundu.

"Uko wapi?" nikauliza.

"Niko huku, nimebanwa na mlango wa choo!"

"Vutieni juu!" baba alipaza sauti kutoka kibarazani, ingawa hakuwa akiona kitu.

Tulicheka mpaka tukaishiwa nguvu. Kulifikisha chumbani kungewezekana kwa kulazimisha, lakini chumba chenyewe kilikuwa chembamba kuliko godoro. Lingejikunja kama chapati na kumwacha mzee mlangoni. Tukalirudisha sebuleni, tukaliegemeza ukutani. Likafunika televisheni na nusu ya dirisha.

Likakaa hapo. Nilitundika shuka juu yake, kwa sababu niliona aibu malazi ya wazazi wangu yasimame mbele ya wageni. Mume wangu akaanza kula ameelekea mlangoni. Nikamwambia baba tutamnunulia godoro dogo, jipya.

"Nina godoro," alijibu.

"Sasa unalalia nini?"

"Mkeka. Na blanketi."

"Mgongo je?"

"Haujambo."

Lakini asubuhi nilimwona anavyotoka chumbani, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni, akisubiri mgongo unyooke kabla hajanisalimia. Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Mtu aliyelala na mke wake mahali pamoja miaka yote ile, utamwambia nini kuhusu godoro?

Jumamosi moja nilikuwa kwenye cherehani yangu, kibarazani, nashona sare za shule. Baba akaja akasimama karibu yangu.

"Mayu, lete mkasi wako. Na kisu kirefu."

"Cha nini, baba?"

"Tulikate."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Tulitandika turubai uani, mimi na jirani tukalilaza godoro juu yake. Nikalipima kwa futi kamba, nikatia alama ya chaki katikati. Baba akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya kitambaa polepole, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Akasimamisha mkono mbali na chaki yangu.

"Mpaka uko hapa."

Niligusa alipogusa. Kweli, palikuwa na tuta jembamba. Upande mmoja wake palibonyea sana, pana, kama mahali alipolala ng'ombe kwenye majani. Upande wa pili, uliokuwa ukielekea ukutani, palikuwa pamebonyea kidogo tu.

"Kumbe nilikuwa nambana," baba alisema. "Na hakusema hata siku moja."

Nikafuta alama yangu, nikachora mstari pale alipoonyesha. Nilikata kitambaa kwa mkasi, naye akaikata sponji kwa kisu, akivuta taratibu, mkono wa kushoto ukitangulia kupapasa njia. Nilitaka kumpokea kisu akakataa. Mume wangu alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

Vipande vilipoachana, baba alikaa juu ya kile chembamba, kisha akalala chali palepale uani, viatu miguuni, macho amefumba. Jirani akajifanya ana shughuli na kamba za katani.

"Kumbe mama yako alikuwa analala pazuri," alisema.

"Utachukua hicho?"

"Hiki. Hicho changu kimeshabonyea."

Nilikishonea kipande chake mfuko mpya wa kitenge. Kipande kilizidi kitanda kidogo pembeni, lakini hakikuanguka. Kile kingine nilikichanachana nikajazia mito ya makochi, na mume wangu alichukua muda mrefu kuikubali. Baba ndiye aliyemtoa wasiwasi. "Kaa, baba. Ni sponji tu hiyo."

Siku za jua, baba hulitoa godoro lake nje mwenyewe. Hulibeba begani koridoni, anakata kona bila kugusa ukuta, analianika juu ya ukuta mfupi wa ua. Jioni hulikung'uta vumbi, akalirudisha ndani, nasi tunampisha njia.