Magari ya Matanga

Kazi niliyopewa mjini Eldoret ilionekana nyepesi. Mwenye hoteli moja, yenye maduka chini na ofisi pembeni, alitaka kuongeza vyumba vya wageni, na mimi nilitakiwa kukadiria kama maegesho yake yangewatosha wote. Yasipotosha, angechukua ploti yake ya nyuma iwe maegesho, ambapo mama mmoja mjane alikuwa na jiko la mabati la kuuzia chakula. Alikuwa pale kwa ruhusa ya mdomo tu, na jiko hilo ndilo lililomlelea watoto.

Nilikula kwake kila siku, kwa hiyo sitajifanya sikuwa na upande. Nilitaka abaki. Hesabu yenyewe ilielekea kumwokoa: mtu wa ofisi huleta gari asubuhi na kuliondoa jioni, mgeni wa kulala hufika jioni na kuondoka asubuhi, basi nafasi moja huhudumia wawili.

"Sasa kijana yangu, hizo gari zitatoshea?" aliniuliza akinimiminia chai.

"Bado nahesabu, Mama. Lakini naona kama zitatoshea."

"Mungu ni mwema," akasema, akaniongeza chapati.

Kisha nikaanza kuhesabu jioni. Kanuni niliyofundishwa inadhani mtu akifunga ofisi huenda nyumbani. Aliyeitunga hajawahi kufiwa Eldoret. Hapa mtu akifa, jamaa na wafanyakazi wenzake hukutana kila jioni hadi mazishi, kuchangia jeneza na gari la kubeba mwili, na hukutana hotelini. Jioni hiyo makarani wa zile ofisi, waliofiwa na mwenzao, wengi wao watu wa magharibi mwa nchi wenye safari ndefu ya kumfikisha marehemu kwao, waliteremka ngazi wakaingia ukumbini bila kugusa magari yao. Wengine wakaja kutoka mtaa wa Kimumu, wengine na pikapu za mahindi kutoka Moi's Bridge. Wageni wa kulala walipofika, walibaki nje ya lango kwenye manyunyu wakipiga honi.

Nilijiambia ni msiba mmoja, utapita. Wiki iliyofuata ukumbi ulikuwa na misiba miwili, mmoja kila upande wa pazia lililougawa. Nilikasirika, tena niliwakasirikia wafu, jambo la aibu hata kulisema. Mkutano ukiisha, watu walijaa kwa mama wakila ugali na matumbo, naye akiwapa pole mmoja mmoja.

Niliandika nilichokiona. Ningeandika nini kingine? Halafu nikaenda kumwambia mama mimi mwenyewe, asije akasikia kwa askari wa lango.

Nilipomwambia nafasi hazitoshi, alinipakulia kwanza, ndipo akauliza.

"Ni hawa wa matanga?"

"Ni wao, Mama. Magari yao hayatoki."

"Na si ndio wananunua chakula yangu?"

"Ndio."

Akakaa juu ya gunia la makaa, akafuta kwenye leso mikono isiyokuwa na maji. Hakulia. Afadhali angelia, au angenitukana.

"Sasa niende wapi, kijana yangu?"

Kila gari lililoingia hoteli ile nilikuwa nimelitafutia mahali pa kukaa, asubuhi, mchana na jioni. Nilisimama pale na sahani yake mkononi, na sikuwa na hata mahali pamoja pa kumtajia.