Mama kachomoa adapta

Leo nimemuuliza mtu mtandaoni, mbele ya watu wote, "Nani atachomoa wakati huo?"

Jibu lilikuwa nyumbani kwetu.

Mnajua huwa nakagua marekebisho ya draiva za mtandao, programu ndogo zinazoendesha vifaa vya intaneti, zile za programu huria. Mtu nisiyemjua kaleta mistari mitatu: adapta ya intaneti ikichomolewa inapoanza kuwaka, kompyuta isigande.

Nikaona ananipotezea muda. Nikamtupia hilo swali, nikawasha laptop upya, nikaenda kuongeza sukari kwenye chai.

Narudi, laptop imeganda. Adapta iko mezani. Kwenye tundu lake la laptop kuna waya wa kuchajia simu ya mama.

"Mama, umechomoa?"

"Si hako kadude kanawakawaka taa tu? Nataka nimpigie shangazi yako yuko Mwigobero, asirudi Bunda bila dagaa zangu."

Hapo unabisha nini?

Nikaingia mtandaoni kwa simu, nikamwandikia yule mtu: "Imetokea kwangu. Mama kachomoa. Nimeyapitisha."

Akajibu: "Nipe jina la mama. Aliyethibitisha tatizo huwa tunamwandika kwenye marekebisho."

Nimemwambia mama. Kafurahi, kauliza kama na langu lipo.

Lipo, mama. Juu ya lile swali.

Chekeni tu.